Kuchagua Programu ya Mashine Pepe kwa Laptopu ya Mprogramu: Mkague Mwenyeji Kwanza

Mpwa wangu alinijia Jumamosi moja na laptopu aliyoinunua Mwembe Tayari, hapa Mombasa, moja ya zile zilizokwisha tumika ng'ambo tunazoziita ex-UK. Kijana anasomea uprogramu, na alikuwa amesikia kwamba mprogramu wa kweli hakosi mashine pepe, yaani kompyuta ya programu inayoishi ndani ya kompyuta halisi. Basi kashusha programu tatu kwa mpigo, kaziweka zote, na sasa kila akiwasha mashine yake pepe feni inalia kama jenereta na Ubuntu, aina ya Linux, inachukua dakika nzima kufungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri. "Mjomba," akaniuliza, "bora VirtualBox ama VMware?"

Nilimwambia azizime zote kwanza, tunywe kahawa. Swali lake ndilo wanaloanza nalo wengi, na ndilo la kujibiwa mwisho. Kompyuta yako ni mwenyeji. Mfumo unaouendesha ndani yake ni mgeni. Mwenyeji akiwa na chumba kimoja na godoro moja, umpokee mgeni kwa adabu ya namna gani, usiku nyote wawili mtalala vibaya. Kwa hivyo tulianza na mwenyeji, na mwongozo huu unafuata njia ile ile tuliyoipita siku hiyo, pamoja na mambo niliyoyajua kwa kuumia mwenyewe.

Hatua ya 1: Jiulize kama unamhitaji mgeni kweli

Ikiwa unatumia Linux na unachotaka ni hifadhidata za PostgreSQL na Redis na toleo fulani la Node bila kuuchafua mfumo wako, huna haja ya mashine pepe. Kontena za Docker au Podman, yaani vyumba vya kuendeshea programu zikiwa zimetengwa na mfumo, zinatosha. Kontena haina keneli yake yenyewe, yaani moyo wa mfumo unaoongoza chuma; inaazima ya mwenyeji, ndiyo maana inawaka kwa sekunde moja mbili na haili RAM nyingi.

Mashine pepe unaihitaji pale kontena inapokwama. Unatumia Linux na mteja anataka kazi ijaribiwe kwenye Windows. Unaandika kitu kinachogusa keneli. Unataka kuijenga seva tangu kuwekewa mfumo hadi kufungwa milango ya mtandao, uivunje, uijenge tena. Au unataka seva tatu zizungumze zenyewe kwa zenyewe, uone moja ikifa wenzake watafanyaje.

Kuna na sababu nyingine ambayo hapa Mombasa nimekutana nayo zaidi ya mara moja: programu kongwe ya mteja. Ofisi ya wakala wa forodha ina programu ya hesabu au ya stoo iliyoandikwa zama za Windows 7, aliyeiandika hajulikani aliko, na kompyuta inayoiendesha inakohoa. Hapo kuna kifaa kidogo cha bure cha Sysinternals kiitwacho Disk2vhd. Kinaichukua diski ya Windows ikiwa bado inafanya kazi na kuitoa kama faili la diski pepe la VHD au VHDX, nawe unaliwasha faili hilo kama mgeni kwenye kompyuta iliyo nzima. Tahadhari mbili tu. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama Januari 2020, kwa hivyo mgeni huyo usimpe njia ya intaneti. Na leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta mara nyingi imefungwa kwa kompyuta hiyo hiyo. Lizungumze na mteja kabla, isiwe baadaye.

Hatua ya 2: Mkague mwenyeji

Anza na prosesa. Intel walianza kutia VT-x kwenye prosesa zao mwaka 2005, AMD wakafuata na AMD-V mwaka 2006. Huo ni uwezo wa chuma chenyewe kumbeba mgeni bila programu kuiga kila kitu, na laptopu nyingi utakazoziona sokoni leo zinao. Tatizo ni kwamba huenda umefungwa kwenye BIOS, programu ya chini inayoamka kabla ya mfumo.

Kwenye Linux andika:

`lscpu | grep Virtualization`
`ls /dev/kvm`

Amri ya kwanza inakwambia prosesa ina nini. Ya pili inakwambia kama mlango uko wazi: faili hilo likiwapo, endelea. Kwenye Windows fungua Task Manager, nenda Performance, kisha CPU, utazame chini palipoandikwa Virtualization. Ukikuta Disabled, zima laptopu na uingie BIOS. Kwa kawaida ThinkPad ni F1, HP ni F10, Dell ni F2. Tafuta "Intel Virtualization Technology", au kwa AMD "SVM Mode", uiwashe na uhifadhi.

Laptopu za ex-UK nyingi zimetoka maofisini, na ofisi zina mtindo wa kuifunga BIOS kwa nywila. Ukiinunua hivyo, umenunua nyumba yenye chumba usichokuwa na ufunguo wake. Uko dukani, kabla hujatoa pesa, iwashe na uingie BIOS mbele ya muuzaji. Hatakasirika, na akikasirika, duka la pili liko mlango wa pili.

Sasa RAM, na hapa ndipo penye ukweli wote. Laptopu ya GB 8 yenye Windows, kivinjari chenye vichupo ishirini na VS Code inabakiwa na GB 2 au 3 hivi za kugawa. Mgeni wa Linux asiye na eneo-kazi la picha, yaani seva tupu unayoingia kwa SSH, njia ya kuandika amri kutoka kompyuta nyingine, anatosheka na GB 1 hadi 2. Mgeni wa Linux mwenye madirisha na vitufe anataka 4. Windows 11, kwa masharti ya Microsoft wenyewe, inataka GB 4 za RAM na GB 64 za diski kama kiwango cha chini kabisa, na kiwango hicho ni cha kuwaka tu; kufanyia kazi mimi simpi chini ya 6. Piga hesabu kabla ya kushusha chochote. Mimi huwa sivuki nusu ya RAM kwa wageni wote waliowaka kwa pamoja.

Pesa zikiwa chache, nunua RAM kabla ya kitu kingine chochote. Uliza kwanza kama laptopu yako ina nafasi ya kuongeza, maana baadhi ya modeli RAM imechomelewa kwenye ubao.

Diski sitaikalia sana: iwe SSD. Mgeni juu ya diski ya kuzunguka ni adhabu.

La mwisho ni joto, na miongozo mingi iliyoandikiwa watu wa nchi za baridi hailitaji. Wakati wa Kaskazi, Februari na Machi, chumba kisicho na kiyoyozi hapa kinapita nyuzi 30 bila shida, na hewa yenyewe ina unyevu na chumvi. Prosesa ikizidiwa na joto hujipunguza mwendo ili isiungue. Mgeni anakuwa mzito, nawe unailaumu programu. Laptopu ya mpwa wangu tulipoifungua mgongo, matundu ya feni yalikuwa yamezibwa na vumbi lililoshikana kama pamba ya mto. Fundi aliisafisha na kubadilisha grisi ya joto juu ya prosesa, kazi ya nusu saa, na kilio kikapungua kabla hatujagusa programu yoyote. Halafu nikamkataza kuiweka laptopu juu ya godoro.

Hatua ya 3: Chagua kwa kufuata mfumo wa mwenyeji

Kanuni yangu ni fupi. Tumia haipavaiza iliyomo ndani ya mfumo ulio nao, hadi upate sababu ya kuiacha. Haipavaiza ni ile programu inayogawa prosesa na RAM baina ya mwenyeji na wageni. Linux inayo yake, Windows inayo yake, na Mac inayo yake. Ya nje unailetea sababu.

Mwenyeji akiwa Linux, jibu ni KVM. Imo ndani ya keneli tangu toleo la 2.6.20 la Februari 2007. Faida yake utaiona siku ya kusasisha mfumo. VirtualBox na VMware Workstation huweka moduli zao, vipande vya programu, ndani ya keneli, na keneli ikibadilika lazima moduli zijengwe upya. Secure Boot, ulinzi unaokagua kinachopakiwa wakati wa kuwasha, ikiwa imewashwa, moduli hizo zinataka na kutiwa sahihi. Mara nyingi mambo hupita kimya, lakini asubuhi moja utasasisha, utawasha upya, na mgeni atakataa kuamka wakati mteja yuko kwenye simu. KVM inasafiri na keneli, haiachwi nyuma.

Kwenye Ubuntu au Debian:

`sudo apt install qemu-system-x86 libvirt-daemon-system virt-manager`
`sudo usermod -aG libvirt $USER`

Toka kwenye akaunti uingie tena, kisha fungua virt-manager. Sura yake ni kavu, haina mapambo, na wengi huikimbia kwa sababu hiyo. Ipe wiki moja. Ukimtengeneza mgeni, hakikisha diski na kadi ya mtandao ni za aina ya virtio, zilizotengenezewa mashine pepe. Mgeni wa Linux anazijua tayari. Mgeni wa Windows utampakia madereva yake kutoka kwenye ISO (faili la picha ya diski) ya virtio-win, la sivyo wakati wa kuweka mfumo hataiona diski kabisa. Ukitaka kitu chepesi zaidi cha kubofya tu, GNOME Boxes inatumia KVM hiyo hiyo chini.

Kuna jambo moja la kuangalia ikiwa una VirtualBox na KVM kwenye Linux moja. Tangu keneli ya 6.12, KVM inaishika VT-x mara tu moduli yake inapopakiwa, hata kama hakuna mgeni aliyewashwa. VirtualBox ikija inaweza kukuta kiti kimekaliwa na kukupa kosa lenye maneno VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Dawa ni kuongeza `kvm.enable_virt_at_load=0` kwenye vigezo vya kuwashia keneli, au kuamua kubaki na moja.

Mwenyeji akiwa Windows, kuna njia mbili na mtego mmoja.

Njia ya kwanza ni WSL 2, Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, iliyotoka na Windows 10 toleo la 2004 mwezi Mei 2020. Fungua PowerShell kama msimamizi, andika `wsl --install`, washa upya, na una Linux yenye keneli halisi. Inafanya kazi hata kwenye toleo la Home. Kwa mprogramu wa wavuti aliye kwenye Windows, mara nyingi safari inaishia hapa. Docker Desktop nayo hukaa juu yake. Mambo matatu ya kurekebisha mapema. Kwanza, WSL 2 inaruhusiwa kuchukua hadi nusu ya RAM ya mwenyeji, kwa hivyo kwenye laptopu ndogo tengeneza faili `.wslconfig` kwenye folda yako ya mtumiaji, uandike:

`[wsl2]`
`memory=3GB`

Pili, weka msimbo wako ndani ya `/home`, usiuache kwenye `/mnt/c`. Kuvuka kutoka Linux kwenda diski ya Windows ni kama kuvuka kwa feri ya Likoni saa kumi na moja jioni: utafika, lakini ukiwa na faili elfu kumi za node_modules utajuta. Tatu, faili la diski la WSL hukua na halijipunguzi lenyewe ukifuta vitu, basi litazame kila baada ya muda.

Njia ya pili ni Hyper-V, kwa anayetaka mgeni kamili mwenye diski na mtandao wake. Iko kwenye Windows Pro, Enterprise na Education. Kwenye Home haimo. Kuiwasha:

`Enable-WindowsOptionalFeature -Online -FeatureName Microsoft-Hyper-V -All`

Kwa wageni wa seva ni imara sana. Ila ujue kwamba mtandao wake wa kawaida, Default Switch, hubadilisha anwani mwenyeji anapowashwa upya, kwa hivyo ukitaka anwani isiyohama tengeneza swichi yako ya ndani.

Sasa mtego. Hyper-V ikiwa imewashwa, na WSL 2 huiwasha sehemu yake bila kelele, ndiyo inayokaa kwenye prosesa kwanza. Hata ulinzi wa Windows uitwao Memory Integrity unaitumia. VirtualBox inabaki kupitia mgongoni mwake, na utalijua hilo kwa alama: tazama chini kulia kwenye dirisha la mgeni, badala ya kijialama cha V utaona kobe wa kijani. Si mapambo. Ni VirtualBox inakwambia yenyewe kwamba inatambaa. Kwa mpwa wangu kobe alikuwa pale siku zote, naye akidhani ni nembo ya Ubuntu.

Ukimwona kobe, chagua upande mmoja. Ama uachane na VirtualBox utumie Hyper-V na WSL, ama uzime haipavaiza ya Windows kwa `bcdedit /set hypervisorlaunchtype off`, uzime na Memory Integrity, uwashe upya. Ukizima, WSL 2 na Docker Desktop vinalala. Ushauri wangu ni wa kwanza, hasa kwa vile kuzima Memory Integrity ni kupunguza ulinzi. VMware Workstation tangu toleo la 15.5.5 imejifunza kuishi juu ya Hyper-V, japo nayo hapo haiendi kwa kasi yake yote.

Mwenye Mac nitampitia haraka. Ikiwa ni yenye chipu za Apple, kuanzia M1 ya Novemba 2020, mgeni wako lazima awe wa ARM, aina ya prosesa ya chipu hizo: Ubuntu ya ARM64, Debian ya ARM64, Windows ya ARM. Mgeni wa x86, yaani wa prosesa za Intel na AMD, anawezekana kwa kuigizwa kupitia UTM, ila ni polepole mno kufanyia kazi ya kila siku. UTM ni bure na inatosha. VMware Fusion pia ni bure. Parallels ni nzuri na ni ya kulipia.

Lini basi VirtualBox? Pale watu wengi wenye mifumo tofauti wanapohitaji mgeni yule yule. Unafundisha darasa, huyu ana Windows, yule ana Linux. Unatoa faili moja la OVA, lenye mgeni mzima ndani yake, na menyu zinafanana kwa wote. Na lini VMware Workstation? Pale mgeni anapohitaji michoro ya nguvu, mathalani Windows yenye programu za usanifu, au pale kazini kwenu mnapotumia vSphere, mfumo wa VMware wa seva. Tangu Novemba 2024 Workstation Pro na Fusion Pro ni bure kwa kila matumizi, hata ya biashara, ila kuishusha unahitaji akaunti ya Broadcom, walioinunua VMware mwaka 2023.

Neno juu ya leseni, kwa anayelipwa. VirtualBox yenyewe ni huria. Kile kifurushi cha ziada, Extension Pack, kina leseni yake: bure kwa matumizi binafsi na ya masomo, si ya ofisini. Vijana wengi hukiweka kwa mazoea bila kukihitaji. Kama ni kwa ajili ya kunakili na kubandika baina ya mwenyeji na mgeni, hiyo ni kazi ya Guest Additions, ambazo ni kitu kingine na hazina sharti hilo.

Wenye laptopu kongwe nawapa hili pia. Windows 10 ilikoma kupata marekebisho ya kawaida Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu nyingi zinazouzwa hapa mjini ni za kizazi cha 6 na cha 7. Zikiwekwa Linux, KVM juu yake, na mgeni mmoja wa seva, bado zina miaka ya kazi ndani yake.

Hatua ya 4: Mpokee mgeni wa kwanza bila kumaliza bando

Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika ufukweni hapa petu Mombasa mwaka 2009, lakini anayelipia bando ya simu bado anazihesabu GB moja moja. Usishushe ISO nzito yenye eneo-kazi wakati unataka seva. Debian ina ISO ndogo ya netinst inayochukua mtandaoni vile tu unavyochagua. Alpine ina toleo lililotengenezewa mashine pepe ambalo ni dogo zaidi. Ukishashusha, hakiki kwa `sha256sum` ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti yao. Faili lililokatika katikati hukufanya uilaumu haipavaiza kwa kosa lisilo lake.

Kisha mtengeneze mgeni mmoja wa msingi: muweke mfumo, msasishe, mtie SSH na vifaa vyako, mzime, na usimguse tena. Wageni wa kazi wazae kutoka kwake:

`qemu-img create -f qcow2 -b msingi.qcow2 -F qcow2 duka.qcow2`

Faili jipya huanza likiwa dogo kabisa, kwa sababu linaandika tofauti tu. Mradi wa pili, amri hiyo hiyo na jina jingine. Ila ukimwasha na kumbadilisha yule wa msingi, watoto wote wanaharibika, basi faili lake lifanye la kusoma tu.

Ujanja mwingine wa bando: weka apt-cacher-ng kwenye mwenyeji. Mgeni wa kwanza akishusha kifurushi, kinabaki kwa mwenyeji, na wa pili anakichukua hapo hapo. Kwa mtandao wa kawaida wa libvirt, kifaa kinachosimamia wageni wa KVM, ndani ya mgeni elekeza apt kwenye `http://192.168.122.1:3142`. Hazina hiyo hushika vifurushi vinavyokuja kwa http. Za anwani za https hazihifadhiwi.

Kuhusu mtandao, anza na NAT uiache ilivyo. Mgeni anatoka nje kupitia mwenyeji, na watu wa nje hawamwoni, jambo ambalo kwenye Wi-Fi ya mkahawa ni heri. Kwa KVM unaingia moja kwa moja kwa anwani yake ya 192.168.122. Kwa VirtualBox fungua mlango wa SSH hivi, mgeni akiwa amezimwa:

`VBoxManage modifyvm "duka" --natpf1 "ssh,tcp,127.0.0.1,2222,,22"`

kisha `ssh -p 2222 wewe@127.0.0.1`. Mtandao wa daraja, ule unaompa mgeni anwani kutoka kwenye ruta ya nyumbani, uhifadhi kwa siku ambayo simu au kompyuta nyingine lazima imwone. Juu ya Wi-Fi husumbua, maana kituo cha Wi-Fi kinaitambua kadi moja tu, ile iliyojisajili. Ukilazimika, tumia waya.

Prosesa mpe mgeni kiini kimoja au viwili. Kumpa vyote vinne hakumfanyi awe na kasi. Kunamfanya mwenyeji akose hewa na nyote wawili mkwame.

Hatua ya 5: Jiandae kwa siku stima itakapopotea

Nilikuwa na kazi ya mteja mmoja wa bandarini, mfumo mdogo wa kufuatilia makontena. Betri ya laptopu ilikuwa imekufa zamani na mimi nikiona si neno, nyaya ipo ukutani. Juu ya mgeni huyo nilikuwa nimepanga snapshoti kumi na moja, yaani kumbukumbu za hali ya mgeni kwa wakati fulani, moja juu ya nyingine, nikijiambia kwamba hizo ndizo nakala zangu za akiba. Alasiri moja stima ikapotea mtaa mzima, laptopu ikazima katikati ya kuandika. Iliporudi, mwenyeji aliamka vizuri tu. Mgeni hakuamka. Faili la juu kabisa lilikuwa limekatika, na kwa kuwa kila snapshoti inaegemea iliyo chini yake, nilichoweza kukifikia ni hali ya siku tisa nyuma. Programu niliyokuwa nikitumia siilaumu, ilifanya ilichoambiwa. Msimbo ulikuwa kwenye Git. Data ya majaribio, ambayo karani wa mteja aliichapa kwa mkono siku tano, haikuwa popote.

Tangu hapo snapshoti kwangu ni ya saa chache: naichukua kabla ya jambo la hatari, jambo likipita naifuta. Nakala ya akiba ni faili jingine, kwenye diski nyingine. Ijumaa jioni huwa namzima mgeni na kuandika:

`qemu-img check duka.qcow2`
`qemu-img convert -O qcow2 -c duka.qcow2 /media/akiba/duka-ijumaa.qcow2`

Amri ya pili inambana na kumuunganisha na msingi wake, kwa hivyo faili linalotoka linajitegemea. Kwa WSL ni `wsl --export`. Kwa VirtualBox, toa OVA kutoka kwenye menyu.

Na stima ikianza kuchezacheza, taa zikififia na kurudi, usisubiri. `virsh managedsave duka`, au `VBoxManage controlvm "duka" savestate`, humlaza mgeni pamoja na RAM yake kwenye diski kwa sekunde chache. Kwenye kompyuta ya mezani, UPS ndogo ya kukupa dakika kumi inatosha kwa kazi hiyo. Kwenye laptopu, badilisha betri.

Hatua ya 6: Ukikosea, hama

Hakuna ndoa hapa. Faili la diski hubadilika kutoka umbo moja kwenda jingine kwa amri moja:

`qemu-img convert -f vdi -O qcow2 zamani.vdi mpya.qcow2`

Badala ya vdi ya VirtualBox andika vmdk kwa VMware au vhdx kwa Hyper-V. Mgeni wa Linux huamka kwenye nyumba mpya bila maneno, pengine jina la kadi ya mtandao tu ndilo limebadilika. Mgeni wa Windows muwekee madereva ya virtio kabla ya kuhama, na utegemee kuulizwa leseni upya. Faili la zamani usilifute wiki ya kwanza.

Mpwa wangu alikuwa na Windows 11 Home na GB 8. Tuliondoa zote tatu, kobe akaenda zake, tukaweka WSL 2 yenye kikomo cha GB 3 na msimbo wake ukahamia `/home`. Terminali inafunguka kabla hajainua mkono kutoka kwenye kibodi. Debian ya netinst aliyokuwa ameshusha kwa bando lake aliniuliza kama aifute, maana hana kazi nayo tena. Nikamwambia ainakili kwenye flashi. Jumatatu darasani hatakosa wa kuiomba.